Michezo na watu wenye ulemavu huku Kisumu na magharibi: maswali tunayoulizwa kila wakati

Haya maswali yametoka kwa wazazi, walimu, makochi na wachezaji wenyewe, mengine tumeulizwa kwa simu na mengine kando ya fildi watu wakingoja mvua ipite. Yameanza na yale ya msingi, magumu yako chini, kwa hivyo kama hayo ya kwanza unayajua ruka tu. Kitu kikishajibiwa mahali pamoja hatukirudii, tunakuambia uangalie wapi.

## Ya kuanzia

Mtoto wangu hawezi kutembea. Sasa atacheza nini?

Vitu vingi sana. Kuna voliboli ya kukaa chini, basketi ya wilchea, bocha (ile ya kurusha mipira ikaribie mmoja mweupe), kuogelea, kunyanyua vyuma ukiwa umelala kwa benchi, kurusha tufe na mkuki ukiwa umekaa kwa kiti kilichofungwa imara. Hiyo yote ni michezo kamili yenye sheria na refa, na watu hufika nayo Paralimpiki.

Lakini mtoto wa miaka sita hajali Paralimpiki, anataka kucheza na wenzake leo jioni. Kwa hivyo muulize yeye. Wazazi wengi wakija huanza kutusomea orodha, huyu hawezi hiki, hawezi kile, na mtoto ako hapo hapo anasikia, alafu ukimgeukia umuulize unataka kuwa nani anakwambia golikipa. Basi ni golikipa. Goli mnaifanya ndogo kwa mawe mawili, mpira unabingirishwa chini haupigwi juu, na hao wengine wakitaka kufunga wapige wakiwa wamepiga magoti. Gemu imeanza, na hakuna pesa imetoka kwa mfuko wa mtu.

Mazoezi hayatamzidishia shida?

Kinachozidisha shida mara nyingi ni kukaa. Viungo vinakakamaa, uzito unapanda, presha na sukari zinakuja mapema, na mtoto anazoea kuwa mtu wa kuangalia tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2020 na likaweka watu wenye ulemavu ndani yake: mtoto asogeze mwili kama dakika 60 kila siku kwa wastani, mtu mzima dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Ni hesabu ile ile ya watu wengine wote. Na wakasema pia kidogo ni bora kuliko bure, so ukianza na dakika kumi ni sawa.

Kuna hali chache zinazotaka uangalifu wa kweli, hizo tumeziweka kwa sehemu ya afya huko chini, tafadhali usiziruke.

Lazima tupitie kwa daktari kwanza?

Kwa gemu nyepesi za kurusha na kubingirisha, hapana. Ila kama kuna kifafa, shida ya moyo, uti wa mgongo ulioumia, Down syndrome ama selimundu (sickle cell), pitia kwanza. Hapa Kisumu watu wa fizio wako pale hospitali ya Jaramogi, ile sisi wote tunaita Russia, na hospitali nyingi za kaunti huwa nao. Ukifika usiulize "anaeza kucheza?" manake jibu rahisi la mtu aliye na foleni ndefu ni hapana. Uliza "ni nini asifanye, na ni nini nikiiona nimsimamishe?" Hapo utapata kitu cha kutumia.

Mimi ni mtu mzima, nilikatwa mguu juu ya ajali ya boda. Si nimechelewa?

Hujachelewa. Wachezaji wengi wa basketi ya wilchea na wa mpira wa magongo walipata ulemavu wakiwa watu wazima, na ajali za barabarani zinatuletea wengi. Mpira wa magongo ndio huo watu huuliza, ni soka, si hoki: wachezaji sita wa mbele wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo, golikipa ana mkono mmoja, kila nusu dakika 25, na gongo likigusa mpira kwa kusudi ni faulo. Miezi ya kwanza mabega na viganja vitauma sana, hiyo ni kawaida, funga mpini wa gongo na kitambaa laini na uongeze mwendo polepole. Ukiwa na mguu bandia unautoa kabla ya kuingia.

Inalipishwa ngapi?

Kucheza mtaani ni bure. Pesa huenda kwa usafiri, hiyo ndiyo inafukuza watu, angalia swali la "Watafika aje?" huko chini.

## Gemu zenyewe

Mtu asiyeona anachezaje mpira?

Anasikiza. Kwa golboli mpira uko na kengele ndani na una uzito wa kilo 1.25, uwanja ni mita 18 kwa 9, kila tiimu ina watatu, na wote wanafungwa macho ndio yule anayeona kidogo asiwe na faida juu ya mwenzake. Unabingirisha mpira kwa nguvu, upande ule mwingine wanalala chini kuuzuia na mwili. Mistari huwekwa kamba chini ya tepu ndio mchezaji ajue kwa vidole ako wapi. Huu mchezo ulianzishwa 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani.

Soka ya wasioona ina watu watano kila upande. Wanne wa mbele wamefungwa macho, golikipa anaona, na nyuma ya goli la wapinzani kuna mtu wa kuwaongoza kwa sauti. Uwanja ni mita 40 kwa 20 na kando kuna mbao za kurudisha mpira. Ukienda kumkabili mwenye mpira lazima useme "voy" ndio ajue unakuja, ukinyamaza ni faulo.

Kitu ambacho watu wa huku husahau ni mashabiki. Mpira ukichezwa lazima watu wanyamaze, kabisa, na sisi tumezoea kupiga kelele kutoka kwa kona mpaka penati. Weka mtu wa kuinua bango: likiwa juu kimya, goli likiingia pigeni vigelegele mpaka mchoke.

Mpira wa kengele tunatoa wapi?

Ule wa kununua ni ghali na mara nyingi unatoka nje ya nchi. Tengeneza. Chukua mpira wa zamani wa ngozi, fungua mshono kidogo, toa bladda, jaza matambara na uweke kati kopo dogo lenye vifuniko vya soda ama kokoto, alafu upelekee fundi viatu ashone. Hautadunda vizuri lakini kwa kubingirisha unatosha kabisa. Kuna watu walikuwa wakifunga mpira na mifuko ya plastiki upige kelele, hiyo mifuko ilipigwa marufuku 2017 so msianze kuitafuta.

Na kukimbia?

Asiyeona kabisa hukimbia na mwenzake, wameshikana kwa kamba fupi, mmoja mkono wa kushoto mwingine wa kulia. Mwongozaji hamvuti. Anaongea: kona inakuja, hatua tatu, sasa, mtu mbele yetu, mita hamsini zimebaki. Kwa mashindano mwongozaji akitangulia mwenzake kwa mstari wa mwisho wanaondolewa. Wakenya wengi wanajua Henry Wanyoike alivyoshinda mita 5000 kule Sydney 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho na Wanyoike, asiyeona, ndiye alimfikisha.

Kwa hivyo mwongozaji lazima awe na mbio kuliko anayeongozwa, na hapo ndipo kuna shida, manake kijana mwenye mbio nzuri anataka medali yake mwenyewe. Magharibi na Bonde la Ufa tuna wakimbiaji kila kijiji. Kama wewe ni mmoja wao na mbio zako zimefika mahali haziongezeki tena, tafadhali fikiria hii kazi, mwongozaji naye hupanda kupokea medali.

Kuanza, jifungeni kamba na mtembee tu. Wiki nzima mkitembea pamoja sokoni na barabarani mtajuana hatua, kukimbia kutakuja.

Voliboli ya kukaa ni kwa wale hawatembei peke yao?

Kwa mashindano makubwa lazima uwe na ulemavu, lakini mtaani cheza na yeyote, na ukweli ni kwamba watu wasio na ulemavu huhangaika sana wiki za kwanza. Uwanja ni mita 10 kwa 6, neti mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Ukigusa mpira, sehemu ya mwili kati ya makalio na mabega lazima iwe chini. Ukijiinua ni pointi ya wengine. Hapa hakuna wilchea, hakuna vifaa, ni kamba kati ya miti miwili na nyasi iliyofagiwa miiba na chupa. Kwa shule yenye bajeti ndogo sisi tungesema anza na hii kabla ya nyingine zote.

Wilchea ya hospitali inaeza tumika kwa basketi?

Kujifunza kurusha na kupasiana, ndio. Kucheza kwa kasi, hapana. Ile ya hospitali huanguka nyuma, magurudumu yake yamesimama wima na sehemu ya miguu inaweza kuvunja mguu wa mwenzako. Ya michezo ina magurudumu yaliyolala chini kidogo kwa nje, chuma cha kuzuia mbele na kigurudumu kidogo nyuma cha kuzuia usianguke. Tena ni makosa kumharibia mtu wilchea yake ya kila siku kwa sababu ya gemu, ikivunjika Jumamosi Jumatatu anaenda kazini na nini? APDK, lile shirika la watu wenye ulemavu wa viungo la tangu 1958, wanajua mambo ya wilchea, ulizia huko. Na mafundi wa kuchomelea chuma wako kila mahali, ukiwapelekea kielelezo wengine hutengeneza kitu cha maana.

Sheria si ngumu. Ringi iko urefu ule ule wa mita 3.05. Unasukuma magurudumu mara mbili, alafu lazima udunde, upasie ama urushe. Kila mchezaji anapewa pointi kuanzia 1.0 mpaka 4.5 kulingana na uwezo wa mwili wake, na watano walio ndani wasipite jumla ya 14, kwa hivyo kochi hawezi kujaza wenye nguvu peke yao akaacha wengine kwa benchi.

Mtoto ana mtindio wa ubongo, mikono haishiki vizuri. Kuna kitu kweli?

Bocha ilitengenezwa akifikiriwa yeye. Kuna mpira mmoja mweupe, kila upande una mipira sita, nyekundu na ya buluu, na ushindi ni kukaribia ule mweupe. Unarusha, unabingirisha ama unapiga teke. Asiyeweza hayo hutumia mfereji wa mbao, msaidizi anauelekeza pale anapoambiwa na mchezaji, na huyo msaidizi haruhusiwi kuangalia uwanja, manake akili ya gemu ni ya mchezaji. Soksi iliyojazwa mchanga na kushonwa ni mpira tosha, na bomba la maji lililokatwa katikati kwa urefu ni mfereji. Tumeona watoto ambao hawaongei wakipanga mashambulizi ya kumshinda mwalimu wao kwa macho tu.

Viziwi si wanaeza kucheza na kila mtu?

Wanaweza, na wacheze. Shida ni kwamba gemu yetu imejengwa kwa filimbi. Mpe refa kitambaa ama bendera ya rangi kali, akipiga filimbi anainua pia, na wachezaji wote wafundishwe kwamba bendera ikiwa juu mnasimama. Kochi aongee akiwa amewaangalia, jua lisiwe nyuma yake. Jifunzeni ishara kama ishirini za kuanzia za Lugha ya Ishara ya Kenya: simama, pasia, rudi, pole, vizuri, umeumia? Hapa tuko na bahati ya kuwa na shule kama ya viziwi ya Maseno na Ngala huko Nakuru, mkiwaalika kwa mechi hao ndio watawafundisha ninyi.

Na walio na ulemavu wa akili?

Maelekezo mafupi, moja kwa wakati mmoja, na onyesha badala ya kueleza. Weka mazoezi yafuate mpangilio ule ule kila wiki. Special Olympics wako na kitu wanaita michezo ya pamoja, tiimu moja inachanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao, na huo ndio mtindo tunaupenda. Kwa mwenye usonji kelele ya spika kubwa inaweza kumaliza siku yake yote, zimeni muziki, mpe pia mahali pa kivuli pa kwenda kutulia bila kuulizwa maswali.

## Kwa makochi na walimu

Niko na watoto hamsini kwa fildi moja na wawili kati yao wana ulemavu. Nifanyeje?

Usipange gemu alafu uanze kufikiria hao wawili watakaa wapi. Wafikirie wakati unapanga. Kuna vitu vinne unaeza badilisha: nafasi, kazi yenyewe, vifaa na watu. Nafasi, punguza uwanja ama weka eneo ambalo mwenye magongo akipokea mpira hakabiliwi kwa sekunde tatu. Kazi, wengine wafunge kwa mguu dhaifu, ama mpira uguswe na kila mtu kabla ya goli. Vifaa, mpira mkubwa, mwepesi, wa rangi kali, ule umetolewa upepo kidogo usitoroke. Watu, badilisha idadi, sita kwa nne, ama wape wenza, lakini mbadilishe mwenza kila wiki ndio isiwe ni kazi ya mtoto mmoja mpole.

Jaribu kimoja, angalia, badilisha. Na uwaulize watoto wenyewe, wao hubuni sheria haraka kutuliko.

Si nimpe tu kazi ya kushika saa ama kuandika magoli?

Hapana. Hili jambo tunalisema kwa nguvu kwa sababu ndilo tunalikuta shule baada ya shule, mtoto wa wilchea ameshika saa tangu darasa la nne mpaka la nane. Kama anapenda urefa, vizuri, afundishwe urefa kamili na filimbi yake. Lakini ikiwa ni mahali pa kumweka asisumbue, huyo ametolewa nje ya somo. Kipindi cha michezo ni chake pia.

Wazazi wengine wanasema tunawapunguzia watoto wao ushindani.

Wana hofu ambayo unaeza kuijibu. Si lazima kila kipindi kiwe cha kuchanganya. Kuna siku ya tiimu kali ya shule, kuna siku ya gemu ya wote, na kuna siku wote wanacheza gemu ya mwenye ulemavu, kila mtu chini kwa voliboli ama kila mtu macho yamefungwa. Hii ya mwisho ndiyo hubadilisha mawazo, manake yule shujaa wa mbio anafungwa macho anapotea, na msichana kutoka shule ya wasioona ya Kibos anamfunga magoli matano akiwa ametulia.

Nimsaidie lini, nimwache lini?

Uliza kwanza, "nikusaidie?", na usubiri jibu. Usisukume wilchea ya mtu bila ruhusa, usimshike asiyeona mkono ukamburuta, mpe wewe kiwiko chako akishike. Na akikataa msaada leo usikasirike, kesho muulize tena kama kawaida. Mzee ni mzee pia, akiwa na miaka sitini kwa wilchea mwamkie shikamoo na umwite mzee, usimwite "kijana wetu" ama kumpapasa kichwa.

## Uwanja na usafiri

Fildi yetu ina ngazi na choo ni cha shimo. Tuanzie wapi?

Choo. Watu hufikiria lango kwanza lakini mtu asipokuwa na mahali pa kujisaidia atakunywa maji kidogo ama hatakuja kabisa, hasa wanawake. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ndani nafasi ya kugeuza wilchea, kama mita moja na nusu, kiti cha kukalia na chuma cha kushika ukutani. Kwa choo cha shimo seremala anaeza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na kinaoshwa kila wakati manake kuna watu huingia hapo wakitambaa kwa mikono.

Rampu: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi za sentimita 30 zinahitaji rampu ya mita 3.6. Tumeona nyingi zimemwagwa simiti wima hivi kwamba hata mwenye miguu miwili anateleza mvua ikinyesha. Usiilainishe sana, ikwaruze kidogo.

Watafika aje?

Kisumu tuktuk ndio mkombozi, inaingia wilchea iliyokunjwa na mwenyewe, na unaweza kuelewana na dereva mmoja achukue watatu wa Nyalenda kila Jumamosi kwa bei moja. Matatu ni shida, kuna makonda wanalipisha wilchea kama mzigo na wengine hawasimami kabisa. Kwa hivyo tukipanga bajeti tunaweka nauli kabla ya jezi, kabla ya mipira. Na pelekeni gemu mahali watu wako, fildi ya shule ya msingi mtaani inashinda uwanja mkubwa wa Mamboleo ambao mtu atafika mara moja kwa mwaka.

Tunaeza kuogelea lake?

Hatushauri. Kuna kichocho kando ya maji, kuna viboko, na chini huoni. Tafuta bwawa la hoteli ama shule, wengi hukubali asubuhi ya siku ya kazi kukiwa hakuna wateja. Maji yanabeba mwili, kuna mtu ambaye nchi kavu hawezi kusimama na ndani ya maji anatembea. Mwenye kifafa ama asiyehisi miguu awe na mtu wake mmoja ndani ya maji, si kando.

## Afya, soma hii yote

Uti wa mgongo uliumia. Nichunge nini?

Vitu vitatu. Cha kwanza ngozi: asiyehisi hajui anaumia, ajiinue kwa mikono kila robo saa hadi nusu saa, akifika nyumbani akague makalio na visigino kwa kioo. Cha pili joto: chini ya mahali alipoumia hatoi jasho, na jua la saa saba la Kisumu si la mchezo, chezeni asubuhi ama jioni na mummwagie maji. Cha tatu ni hatari kabisa kwa walioumia shingo ama juu ya kifua: kichwa kikiuma ghafla kama kinapasuka, uso mwekundu ama jasho usoni, presha imepanda vibaya. Mketishe wima usimlaze, legeza nguo na mikanda, angalia mpira wa mkojo (katheta) kama umejikunja ama mfuko umejaa. Isiposhuka haraka ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto ana Down syndrome. Nichunge nini?

Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo inalegea. Mpaka daktari amkague, hakuna kuviringika kwa kichwa, kupiga mpira kichwa wala kuruka majini kichwa mbele. Akianza kubadilika mwendo, mikono kukosa nguvu, shingo kuuma ama kujikojolea na hakuwa hivyo, simamisha kila kitu mpeleke hospitali.

Selimundu?

Huku kwetu kando ya lake iko nyingi kwa sababu ya historia ya malaria, kwa hivyo kila mwalimu ajue. Mtoto anacheza, lakini maji kabla, wakati na baada, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa, asifanyishwe mbio za kumaliza pumzi, na asiingie maji baridi. Usimpe adhabu ya kukimbia raundi, hiyo kwake ni hatari. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au homa ni hospitali.

Kifafa kikimshika fildini?

Mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, toa vitu vigumu karibu, angalia saa. Usiweke kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Kikipita dakika tano ama kikirudi kabla hajaamka, tafuta gari. Akiamka mpe muda, na wiki ijayo arudi kucheza.

Wenye ualbino?

Kofia, mikono mirefu, losheni ya jua SPF 30 kwenda juu (iko ya serikali kupitia hospitali za umma, ulizia), na saa za jua kali waachwe kivulini. Macho yao pia huona mbali kwa shida, tumia mpira wa rangi kali.

## Karatasi na mashindano

Lazima niwe na kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu?

Kucheza mtaani hapana. Lakini itoe, inasaidia kuomba vifaa kama wilchea na mambo mengine mengi. Unakaguliwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, alafu usajili. Kwa sensa ya 2019 Homa Bay walihesabiwa 4.3% wenye ulemavu na Siaya 4.1%, wakati nchi nzima ilikuwa 2.2%, so huku tuko wengi na tunahitaji kuonekana kwa vitabu vya kaunti.

Paralimpiki, Deaflympics na Special Olympics si ni kitu kimoja?

Ni tatu tofauti. Paralimpiki ilianza Roma 1960, ni ya ulemavu wa viungo, wa macho, na wa akili kwa michezo michache. Viziwi wana yao tangu Paris 1924, na kuingia lazima usikivu wa sikio lako zuri uwe umepotea desibeli 55 au zaidi, vifaa vya kusikia vinatolewa kabla ya mashindano. Special Olympics ilianza Chicago 1968, ya ulemavu wa akili, mashindano yake ni kuanzia miaka minane na hugawa watu kwa uwezo ndio kila mtu ashindane na wa kiwango chake.

Kuna Mkenya wa sasa wa kumuonyesha kijana wangu?

Wako. Nancy Chelangat Koech alileta shaba ya mita 1500 kutoka Tokyo, akikimbia na mwongozaji. Samson Ojuka alileta fedha ya kuruka umbali kutoka Paris 2024, daraja T37. Samwel Mushai Kimani alichukua dhahabu ya mita 1500 London 2012 na tena Rio 2016.

Hiyo T37 ni nini?

T ni za mbio na kuruka, F ni za kurusha. Namba za kumi na kitu ni macho, 20 ni akili, za thelathini ni kama mtindio wa ubongo, 40 na 41 watu wafupi, 42 mpaka 47 viungo, hamsini wilchea, sitini miguu bandia. Wakaguzi ndio hupanga, na kuna watu hukataliwa wakiwa na ulemavu wa kweli kwa sababu haufikii kipimo cha mchezo huo. Inauma. Mwandae kijana kabla, na umtafutie mchezo mwingine ama mashindano ya hapa nyumbani.

Shule imekataa mtoto asicheze. Sheria inasema nini?

Katiba kifungu cha 54 inampa haki ya kuheshimiwa na kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa 2008, kifungu chake cha 30 kinataja watoto wenye ulemavu kucheza na kufanya michezo sawa na wenzao, hata shuleni. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini anza na mwalimu wa michezo, mpelekee jibu la watoto hamsini hapo juu, wengi hukataa kwa kuogopa mtoto ataumia mikononi mwao.

## Magumu

Jirani anamficha mtoto ndani. Tufanyeje?

Usiende na kamera, usiende na kundi. Aende mama mmoja ambaye pia mtoto wake ana ulemavu, anywe chai, arudi tena. Mara nyingi si ukatili, ni aibu, ni kukosa wilchea, ni mama ako peke yake na anauza soko la Kibuye tangu alfajiri. Ukiona mtoto amefungwa kamba ama anaumizwa, hiyo ni nyingine, piga 116, haina malipo.

Msichana wangu atakuwa salama?

Uliza kabla ya kumleta: nani anambeba, nani anamsaidia chooni, nani anampeleka nyumbani. Majibu yawe na majina. Msaidizi wa chooni awe mwanamke na mzazi amemkubali, na mtu mzima asibaki na mtoto peke yake mahali pa kujificha. Asiyeongea afundishwe ishara ya "sitaki" na watu wote wa klabu waijue. Kochi akikasirishwa na haya maswali mpeleke mtoto kwingine.

Haoni na pia hasikii. Kuna njia?

Iko. Mnaongea kwa kugusa: mguso mmoja begani ni simama, miwili ni endelea, kuchora mshale mgongoni ni mwelekeo, na mkubaliane kabla ya kuanza. Baiskeli ya watu wawili, kuogelea kando ya kamba, kutembea kwa kamba ya mkonge iliyofungwa kutoka mti hadi mti, kusukumana mieleka kwa upole kwa nyasi. Mtambulishe uwanja kwa mikono yake, mlango, mti, mstari, kila akija, na mpangilio usibadilishwe bila kumpitisha tena. Mwongozaji wake awe yule yule kwa muda mrefu, na akiwa na mgonjwa nyumbani ama akasafiri, atume mtu ambaye tayari wanajuana mikono.